Kufuli la watu wawili

Asubuhi imechangamka Runzewe. Karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zinanguruma, na ndani ya steshenari ya Telesphori Wilbard watu watatu wameikodolea macho kompyuta moja. Mzee Mayala anabonyeza herufi kwa kidole kimoja. Anasita, anabonyeza tena. Kufuli jekundu lililochorwa kwenye kioo halifunguki.

"Kumbuka vizuri, Mzee," Telesphori anambembeleza.

"Mimi nakumbuka. Hili dude lako ndilo limesahau."

Mama Nelly, mbia wa Mayala katika uchimbaji, hacheki. Ndani ya faili lililofungwa mna ramani ya mwamba wenye dhahabu katika eneo lao, matokeo ya sampuli zilizowagharimu laki nane. Wachimbaji wanasubiri kuonyeshwa pa kufungua duara, shimo la kuchimbia. Nakala nyingine hakuna, waliifuta wenyewe kwa usalama.

Telesphori, 31, mtoto wa wakulima wa Ushirombo, hakusomea kompyuta. Alianza kwa kutoa fotokopi, akajifunza kuandika programu kwa video za mtandaoni. Hii ya kufunga mafaili aliianza kwa aibu. Miaka miwili iliyopita Mama Nelly alichapishiwa ramani hapo dukani, ikabaki kwenye kompyuta, mteja fulani akaidaka kwa flashi. Kesho yake eneo la mama huyo lilifurika watu wenye sururu. Machimboni wanaiita rashi, na ikishaingia haina wa kuizuia.

"Hakunitukana," anasema Telesphori. "Aliniuliza tu, 'Baba, kompyuta yako haina mlango?' Siku hiyo chakula kilinishinda."

Hesabu za kuficha maandishi hakuzibuni yeye. "Zimebuniwa na wataalamu, zipo bure. Ila mteja wangu akiona kioo kimejaa maneno ya kigeni, anaaga. Mimi nimetengeneza mlango tu."

Mlango wenyewe aliukuta machimboni. Stoo ya viroba vya mawe hufungwa kwa makufuli mawili, kila mbia na ufunguo wake, asiwepo wa kuingia peke yake. Na programu iko hivyo hivyo: unaburuta faili juu ya picha ya kufuli, kila mmoja anaandika neno lake la siri mwenzake akitazama pembeni, kisha kilichomo kinavurugika asiweze mtu kukisoma. Raha iliyoje, mpaka mmoja asahau.

"Wewe ndiye fundi," Mama Nelly anamkazia. "Fungua."

"Siwezi, Mama. Ningeweza mimi, angeweza na mwizi."

Mayala anajaribu jina la dume lake la ng'ombe. Anajaribu jina la mama yake, halafu la kijiji alikozaliwa kule Songwa. Mwishowe anavua kofia. "Mayu," anamwita mama huyo kwa Kisukuma, "nisamehe. Limepotea."

Hapa ungetegemea mama afoke. Badala yake anaketi kwenye benchi, anawaza.

"Kwa hiyo aliyelifunga ameshindwa, na aliyelitengeneza ameshindwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi hata yule wa flashi angeshindwa." Anashusha pumzi. "Tutapima upya. Mayala, nusu ya gharama ni yako. Ramani ikija, tutaifungia humu humu."

Telesphori anakiri kwamba roho inamuuma. Laki nane si mchezo kwa watu anaowajua. Ndiyo maana anatengeneza toleo jipya, la funguo tatu ambamo mbili zinatosha, mmoja akisahau wenzake wafungue. Analitaka liwe tayari kabla ya ramani mpya, kisha alipeleke kwenye steshenari za Geita na Shinyanga mjini. "Hata asiyejua kompyuta ana haki ya kuwa na siri yake," anasema.

Na ufunguo wa tatu atashika nani?

"Mke wangu," anawahi Mayala. "Huyo hasahau kitu, hata yale niliyomwomba asahau."

Mama Nelly anatikisa kichwa, anamwelekezea kidole Telesphori. "Atashika huyu."

"Huyu? Si ndiye aliyekuletea rashi?"

"Aliacha wazi. Tangu siku ile hajalala kwa ajili ya mlango wangu. Wewe unamjua mwingine?"

Telesphori anainuka haraka, anakwenda kuwasha printa ambayo tayari inawaka.