Mota ya Kikombe cha Maziwa

Mume wangu Tadeo Sulle, ambaye Mungu alimchukua mwaka huu, alikuwa fundi wa redio na simu Dongobesh. Wengi wanamkumbuka kwa gari lake la rimoti. Siku za mnada aliliachia likimbie mbele ya kibanda, watu wakajaa kulitazama, na wakishajaa, mmoja wao angekumbuka kwamba ana redio mbovu nyumbani. Tadeo alizaliwa wakati rafu za maduka zilikuwa tupu, akawa kijana wakati biashara ilipofunguliwa na redio za kila namna zikaanza kupanda milima kuja kwetu. Alikuwa akisema, "Mungu alinipangia vizuri. Ningezaliwa mapema kidogo, ningekosa cha kufungua."

Mambo yake ni mengi. Mimi nitaandika habari ya mota moja tu.

Mwaka mmoja baada ya ndoa yetu, mtoto wetu wa kwanza aliishi siku chache akafariki. Nesi aliwahi kumbatiza, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini kwa wazee wetu Wairaqw msiba wa namna hiyo una mwiko. Mama aliyefiwa hujitenga kwa muda, moto wake na vyombo vyake visichanganyike na vya wengine, mkosi usije ukahama. Mama mkwe wangu, Mama Tadeo, aliushika mwiko huo kwa moyo wote. Aliniomba nikae peke yangu katika nyumba ndogo ng'ambo ya ua, na Tadeo asivuke kuja kwangu, kwa sababu mikono yake inashika redio za kata nzima.

Mimi ni Mkatoliki, ningeweza kukataa. Lakini aliponiomba alikuwa analia. Nikakubali.

Niliachiwa unga, kuni na maji nijipikie. Sikupika. Nililala nikitazama ukuta, kifua kikiniuma kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Tadeo alisimama upande wa pili wa ua akaniita.

"Judith! Mbona sioni moshi?"

"Sina njaa."

"Na jana?"

Nikageukia tena ukuta. Ndipo akaenda kwa mama yake. Nilikuwa nikiwasikia, maana ua wenyewe si mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na kama umekuja kuniomba uvuke, rudi ulikotoka."

"Sivuki. Nataka kupitisha gari."

"Gari gani?"

"Lile la mnadani. Limbebee maziwa."

Mama Tadeo akauliza, "Hilo gari lina damu?"

"Halina, mama."

"Lina ukoo?"

"Limetoka China."

"Basi huko hatuna undugu. Lipite. Ila kikombe kikishaingia kwake kisirudi."

Sijui kama wazee wengine wangekubali. Yeye alikubali.

Tadeo akakata bati, akatengeneza kiti cha kikombe juu ya gari, akasawazisha njia upande wake kwa jembe. Nilisikia mlio wa gari likija, nikafungua mlango. Lakini mota ile ilikuwa ya zamani, yenye kaboni ndani, vile vipande vinavyosugua kupitisha umeme, na kaboni zenyewe zilikuwa zimelika. Gari lilishtuka, likasimama, likashtuka tena. Lilipofika mlangoni kikombe kilikuwa kitupu na maziwa yanachuruzika kwenye magurudumu. Mama aliyezika mtoto juzijuzi, akitazama maziwa yanavyomwagika chini! Nikafunga mlango. Gari nalo, likirudi, betri ikaisha katikati ya ua. Likanyeshewa pale, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kulifuata, mpaka Tadeo alipolivuta kwa mti mrefu wa kuangulia maparachichi.

Yaliyofuata alinisimulia Urban, rafiki yake aliyeuza simu kibanda cha jirani. Tadeo alimpigia fundi mmoja wa Arusha, Yona, aliyekuwa na vipuri vya magari hayo. Simu aliiweka sauti ya juu, Urban akasikia yote.

"Nataka mota isiyo na kaboni," Tadeo alisema. "Isichemke, isile betri."

"Ninazo mbili," Yona akajibu. "Moja ni moto wa kuotea mbali. Ukigusa rimoti tu, gari limeshafika Babati."

"Chukua hiyo!" Urban akadakia. "Hiyo ndiyo dume! Siku ya mnada watu watapanda juu ya miti!"

"Inaanzaje?" Tadeo akauliza.

"Inaanzaje vipi?"

"Ikitoka kusimama. Inaruka au inaondoka?"

Yona akafikiri. "Inaruka kidogo. Haina sensa, kile kifaa cha kuhisi, haijui sumaku yake imesimama wapi mpaka ianze kuzunguka. Hii nyingine ina sensa. Inaondoka taratibu kama ng'ombe aliyeshiba. Lakini ni ya pole, hakuna anayeitaka. Kwani wewe unabeba nini?"

"Maziwa."

"Lita ngapi?"

"Kikombe kimoja."

Yona alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Kikombe kimoja! Ndugu yangu, si ubebe kwa mkono?"

"Mkono hauruhusiwi kufika," Tadeo akasema. "Nitumie hiyo ya pole, pamoja na kifaa cha kuiendesha. Kwa basi la kwanza."

Urban aliniambia kwamba Yona aliacha kucheka, akauliza tu jina la kuandika kwenye mzigo.

Siku mota ilipofungwa sikusikia kitu. Nilisikia Tadeo akisema, "Judith, fungua," nikadhani ananibembeleza tena. Nilipofungua, gari lilikuwa limeshafika. Halikuwa na mlio. Kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, maziwa ya moto yanatoa mvuke, utando wa juu haujapasuka. Tadeo alikuwa amesimama mbali na rimoti kifuani, hathubutu kupumua.

"Limefika?" akaniuliza, kana kwamba haoni.

"Limejaa," nikasema.

Nilikaa kizingitini nikafanya ishara ya msalaba, nikanywa yote. Nilimsikia Mama Tadeo nyuma ya ghala akipiga vigelegele vya chini chini, vya mtu anayejua kwamba kwenye msiba havipigwi.

Gari lilikuja kila asubuhi mpaka mwiko ukaisha, na betri haikulala njiani tena. Nilitoka katika nyumba ile nikiwa na nguvu za kutembea mwenyewe hadi kanisani. Mungu akatupa watoto wengine. Wote wameliendesha lile gari, na wote wamelalamika kwamba halikimbii.

Sasa Tadeo hayupo. Baada ya mazishi nililala tena nikitazama ukuta. Safari hii hapakuwa na mwiko wa kumzuia mtu. Nilisikia hatua nzito uani. Alikuwa Mama Tadeo, amezeeka, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeshika kikombe kinachotetemeka.

"Nusu imebaki njiani, mwanangu," alisema. "Mimi sina ile mota."

Nilikipokea. Tukacheka, tukalia, nikanywa nusu iliyofika. Nashukuru, Bwana. Ilitosha.