Kiini cha Mfumo wa Zahanati

Nilipoajiriwa fundi wa kompyuta kwenye zahanati moja ya mtaa wa Tudor, miezi mitatu ya majaribio kwanza, nilikuta mfumo wa kompyuta ulioundwa na dada mmoja wa Mji wa Kale aliyeachishwa kazi. Aliuunda kwa lugha ya kompyuta ya Java, vipande vipande: cha maabara, cha dawa, cha kadi za watoto, na kiini kimoja cha kuvishikilia vyote. Mimi, bingwa wa mabingwa, nikaucheka. Nikamwambia daktari mwenye zahanati kuwa hiyo ni kazi ya kubahatisha.

Wiki ya mwisho, kwa hamu ya kuthibitishwa kazini, nikaamua kufanya usafi. Akaunti ya yule dada kwenye kompyuta kuu nikaifuta na vyote vilivyomo. Mtu keshaondoka, vitu vyake vya nini? Kesho yake umeme ukapotea. Uliporudi, mfumo ukagoma kuwaka.

Haya, tafuta faili za kiini sasa! Vipande vyote nilivikuta, kiini sikioni. Nikapekua kila folda. Kina mama na watoto wamejaa mabenchini, wauguzi waandika kwa mkono huku wanitupia jicho. "Bado kidogo," nawajibu, mashallah, kana kwamba najua. Siku ya tatu nikausoma mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio: kila ukiwashwa, mfumo hukisoma kiini kwenye folda iliyofichwa, ndani ya akaunti ya yule dada, ile ile niliyoifuta. Lo! Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa ndiyo siku ya kuamuliwa kama nathibitishwa. Nikaenda kwa yule dada na halua mkononi, mtu mzima mimi. Akaniuliza hali ya mama, ya nyumbani, ya kazi. Hapo kwenye kazi nikamwambia.

"Umeifuta?"

"Nimeifuta, dada."

"Na watoto wa kadi?"

"Wangoja."

Hakunisimanga. Heri angenisimanga. Akatoa flashi kabatini, nakala nzima imo. "Wasalimie wauguzi," akasema. "Na daktari mwambie, ikiwa iko kazi, hata ya nusu siku, mimi nipo."

Ijumaa asubuhi mfumo ukawaka. Daktari akanisifu mbele ya wafanyakazi wote: fundi hasa, si kama yule wa kabla yangu. Akanipa mkataba. Nikasema alhamdulillahi, nikatia sahihi.

Wauguzi niliwapa salamu zao. Daktari sijamwambia kitu mpaka leo.