Magoti ya 'Maletuka

Hapa Ha Ramatla, kijijini kwetu Lesotho, kila mtu hujifunika blanketi, hata jua likiwaka, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba jirani yangu 'Maletuka alikuwa anasikia baridi. Ukimwona mwanamke wa miaka sitini na kitu amejifunika mchana wa Desemba, utasema nini? Utasema amevaa vizuri.

Tulichogundua ni magoti. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeongoza mokhibo, ngoma yetu sisi wanawake, ya kupiga magoti na kutikisa mabega. Akishuka chini, wasichana wa shule walikuwa wanaona haya. Mwaka ule akaanza kuchelewa. Wimbo unafika, yeye bado. Kunyanyuka mpaka ashikwe mkono. Midomo ikafunguka: amenenepa, amekuwa mvivu, uzee umempigia hodi. Watu wetu kwa midomo, utafikiri wanalipwa.

Yeye hakubishana na mtu. Alikwenda peke yake hospitali ya wilaya, akapimwa damu, akarudi jioni mikono mitupu.

"Dawa iko wapi?" aliuliza 'Mapontšo, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa mabibi harusi.

"Sijapewa."

"Umeenda mpaka kule wakakupa upepo?"

"Wamenipa maneno. Tezi ya shingoni imelegea kidogo. Mafuta ya damu yamepanda, na presha inanichungulia. Daktari anasema tezi yenyewe inaweza kurudi sawa, na kwa umri wangu dawa yake ikizidi inaukimbiza moyo. Nipunguze mafuta na chumvi, nitembee, nirudi baada ya miezi mitatu tupime tena."

"Miezi mitatu! Na harusi ya Nthabeleng ni Pasaka hii?"

Hapo ndipo palipouma. Nthabeleng ni mjukuu aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na tangu mtoto huyo akitambaa, 'Maletuka alimwahidi kwamba siku ya harusi yake atamwongozea mokhibo. Kijiji kizima kinaijua ahadi hiyo.

Wiki iliyofuata 'Mapontšo akaja na kifuko cha vidonge. Vilikuwa vya dada yake wa mjini Mafeteng, aliyetolewa tezi kwa upasuaji.

"Meza viwili kila asubuhi. Utaruka kama mbuzi."

Nilikuwepo. Asije mtu akaniambia 'Maletuka hakuvitaka. Niliuona mkono wake ukitoka ndani ya blanketi, ukakaa hewani, kisha ukarudi.

"Mrudishie dada yako, ataishiwa. Yeye hana tezi, mimi ninayo. Na moyo wangu si punda wa kuazima, mwenzangu, mkauchape mpaka uanguke."

"Kwa hiyo utamkosesha mtoto?"

"Sijui," alisema, na machozi yakamtoka.

Ninampenda kwa lile "sijui". Mwingine angejifanya shujaa. Yeye alilia, akafuta uso, na asubuhi akaanza kutembea hadi chemchemi na kurudi, huku vijana wakimwuliza kama amepoteza ng'ombe. Makoenya yangu, maandazi ninayouza mbele ya mlango wake, aliyakataa kabisa. Mafuta ya nyama aliwapa mbwa, nao wakanawiri kuliko sisi.

Harusi ikafika kabla ya ile miezi mitatu kutimia, magoti bado mazito. Wasichana wakapanga mstari na kushuka chini, nafasi ya mbele wakaiacha wazi kwa ajili yake. 'Maletuka akatoka nyumbani taratibu. Akaifikia ile nafasi, akaitazama, akaipita. Akaenda kusimama nyuma pamoja na waimbaji, akapiga makofi, akauanzisha wimbo polepole sana.

"Bibi, wimbo umelala!" msichana mmoja akalalamika.

"Haujalala, unatembea. Na wewe tembea."

Basi wakatembea nao. Katika wimbo wa polepole huwezi kudanganya kwa kurukaruka, kila bega linaonekana, na wale wasichana wakaanza kutoka jasho. Nikamsikia 'Mapontšo akiguna. Alikuwa ameiacha ngoma zamani kwa sababu ya pumzi. Akasukuma kiti chake, akashuka chini. Mke wa chifu naye akafuata. Nami nikafuata. Wanawake wazima tuliokuwa tumeshajihesabu kuwa watazamaji tukaujaza mstari, na pumzi ikatutosha.

Lakini ile nafasi ya mbele ilibaki wazi, na 'Maletuka alikuwa haitazami tena. Bibi harusi akaiona. Nthabeleng akakusanya gauni lake jeupe, mashangazi wakapiga kelele kwamba litachafuka, naye akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akamgeukia bibi yake.

"Magoti ninayo mimi, bibi. Wewe lete wimbo."

'Maletuka akavua blanketi, akamtupia mtu wa karibu bila kumwangalia, akapiga makofi kwa nguvu na kumletea mjukuu wake wimbo.