Kifuniko Kilichokuwa Kikicheza

Walimwita Fuko, kwa kuwa nusu ya umri wake ilipita chini ya ardhi akichimba visima na vyoo. Walimtania kwamba siku akifa atajizika mwenyewe, naye alijibu kuwa ndiyo, maana vipimo vya mtu mwingine haviamini. Mimi nilikuwa mpita njia tu. Nilipewa chumba kwake kwa wiki mbili, nikapitiliza hadi miezi mitatu.

Kile kijiji kidogo cha wakulima kilianzishwa na babu yake. Kila mtoto aliijua habari hiyo: mzee alikuja na mkewe, mgongoni chungu cha mbegu, akakuta pori tupu lisilojua moshi. Ndiyo maana ukoo wa Fuko ulilima bondeni kwenye rutuba, na waliokuja baadaye wakabaki mlimani na mawe yao. Chungu chenyewe kilikuwa bado jikoni kwa dada yake mkubwa. Kishikio cha kifuniko chake kilikuwa ndege aliyevunjika mdomo, na siku zote kifuniko hicho kilicheza, hakikukaa sawasawa. Uzee, walisema.

Wiki ile watu wa mlimani walikuwa wanakuja kuomba sehemu ya bonde, na Fuko ndiye wa kuwajibu. Siku mbili kabla, dada yake alimwagiza amchimbie choo nyuma ya nyumba. Mimi nilikaa juu ya udongo nikimpigia soga. Shimo lilipomfika kifuani, sururu ikagonga jiwe. Akachakura kwa mikono. Mafiga matatu, yamesimama kama yamepangwa jana. Juu yake chungu kisicho na kifuniko, na ndani maharage yaliyogeuka makaa.

Mtu anayehama kwa hiari hula kwanza.

Fuko alipanda, akaenda jikoni, akarudi na yule ndege. Akakiweka kile kifuniko juu ya chungu cha shimoni. Kikakaa kimya, hakikucheza hata kidogo. Kisha akapekua majivu, akaokota kipande kidogo cha udongo uliochomwa. Ulikuwa mdomo wa ndege.

Dada yake alikuwa amesimama ukingoni, sijui tangu saa ngapi.

"Fukia, mdogo wangu," alisema taratibu. "Choo utachimba kwingine."

"Dada, kimefunika."

"Nimeona. Wajukuu watalima wapi?"

Fuko hakufukia. Siku mbili nzima alikaa kando ya shimo lile, chakula akikirudisha kama kilivyokuja.

Wa mlimani walipofika wakiwa na maneno yao tayari, aliwapitisha nyuma ya nyumba bila salamu ndefu. Wakachungulia.

"Babu yetu hakukuta pori," alisema Fuko. "Alikuta chakula motoni."

Msemaji wao, aliyejiandaa kugomba, alivua kofia na kusahau alichokuja kuomba. Bonde waligawana msimu uleule, dada mtu akiwa amenuna.

Chungu cha mbegu sasa hufunikwa kwa sahani ya bati.