Mfuko wa Paa

Kwa miaka tisa fundi cherehani alilipa ushuru wa soko kabla hajanunua hata uzi, na jirani yeyote aliyekwepa, yeye alimwita mwizi. Ushuru ule ulikuwa wa mfuko wa kuezeka paa, maana mvua iliwanyeshea wachuuzi mumo humo ndani ya soko.

Msimamizi wa soko akaja kupimwa suti, ya tatu mwaka huo. Tumbo limeongezeka inchi nne.

"Na paa letu, mwanangu?"

"Mfuko umetoboka, mama. Ila suti yangu uitie mifuko mirefu."

Fundi akashona.

Siku ya kuijaribu, msimamizi alitia funguo za gari mfukoni. Zikatumbukia kwenye dimbwi la mvua miguuni pake.

"Mama! Mfuko gani huu hauna chini?"

"Ni ule ule niliokuwa nauchangia."