Mabeseni ya Ange

Ange Manirambona, mke wa mwanangu Tharsisi, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akakulia hapa Kasulu. Alipokuwa chuo cha ushonaji, mwalimu wake alimwonyesha jinsi bakteria wanavyotengeneza kitambaa. Unachemsha chai ya sukari, unaiacha ipoe, unatia kipande cha utando wenye vijidudu hai. Baada ya wiki tatu utando mpya umefunika beseni zima. Ukiukausha ubaoni, unashonwa kama ngozi.

Alipewa kipande kimoja tu cha utando huo kuwa mbegu. Alikikuza stoo kwangu hadi kikajaza mabeseni manne. Alitaka kushona kizibao cha kuonyesha chuoni, ambako walikuwa wakitafuta mwalimu msaidizi.

"Mama, usiwafunue," aliniambia. "Hawa wanakula sukari kuliko Tharsisi."

"Na wananuka kumzidi," nilimjibu, akacheka sana.

Lakini uchachu ule ulininyima raha. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, na huku kwetu nyumba inayonuka uchachu ni ya wapika pombe. Jumamosi moja akina mama wa kanisa walikuwa waje kusali kwangu. Ange alikuwa sokoni. Jirani yangu Kuruthumu alipita uani, akanusa.

"Mama Mwalimu, umekamua ndizi? Nikuletee wateja?"

Alikuwa anatania. Mimi nilichemsha maji, nikayamwaga katika mabeseni yote manne, nikasugua tando kwa sabuni ya unga na kuzianika kambani. Nilijiambia kwamba kitambaa ni kitambaa, kikifuliwa kinatakata.

Ange alizikuta zimejikunja na kuchanika.

"Na mbegu, mama?"

"Nilifua vyote."

Akaketi chini, kikapu cha sokoni bado kiko mkononi.

Akina mama walisali, wakanywa chai, wakaondoka. Hakuna aliyetaja pombe. Aliyeiogopa ni mimi peke yangu.

Nafasi ile alipewa mwingine. Ange na Tharsisi walihamia Kibondo, ambako Ange anashona sare za shule. Mwezi uliopita nilimwomba mwalimu wake kipande kingine, nikampelekea Ange ndani ya chupa. Alinipokea kwa magoti, akanipa kiti kizuri, akaitazama chupa bila kuigusa.

"Asante, mama. Ila nina sare sitini za kumaliza, na jioni sina nguvu tena."

Nilirudi nayo Kasulu.