Sahihi ya Mwanamume Yeyote

Dhahabu binti Boga alikuwa mpambaji wa maharusi pale Majengo Mapya, Likoni, na hakuna mama mwenye binti wa kuoza ambaye hakumjua. Yeye ndiye aliyemsugua bi harusi singo ya kung'arisha mwili, akamtia hina, akamfukiza udi, akamfundisha namna ya kukaa mbele za watu. Mama wale wale waliomkabidhi mabinti zao wakiwa hawana nguo, wakifika nje walimnong'ona. "Yule si mtu wa waume," walisema, na mengine mabaya zaidi ya hayo. Kisha Ijumaa wakatuma mtu kumuuliza kama ana nafasi wiki ya pili.

Waliyonong'ona yalikuwa kweli, ila ubaya waliutia wao. Dhahabu aliishi na mwanamke mwenziwe, Barke, mshonaji wa mabuibui. Barke aliozwa Kisauni akiwa na miaka kumi na tisa, akakaa miezi minane, akaachwa. Mwaka 1977 alichukua cherehani yake, akavuka nayo hadi Likoni, akaingia nyumba ya Dhahabu na hakutoka tena. Mbele za watu waliitana somo, kama marafiki tu. Ndani walikuwa na kitanda kimoja, redio moja, na ugomvi usiokwisha juu ya chumvi ya mchuzi. Dhahabu alikuwa mkali, mtu wa kujibu kabla hujamaliza. Barke alikuwa mpole, hata ungemkanyaga yeye ndiye angekuomba msamaha.

Mwanzoni mwa 1989 Barke alikuwa akioga alipogusa kijiwe kifuani, chini ya ziwa la kushoto. Kilikuwa kidogo kama punje ya kunde, na hakikumuuma. Alimwita Dhahabu, naye akakigusa, akakigusa tena.

"Kesho twende zahanati," Dhahabu akasema.

Walienda. Kulikuwa na benchi tatu zimejaa wanawake na watoto wachanga, na mezani amekaa nesi mnene mwenye kalamu sikioni.

"Kadi ya kliniki?"

"Sina," Barke akajibu.

"Watoto wangapi?"

"Sina."

"Mume?"

Barke alitazama sakafu. "Aliniacha zamani."

Nesi aliirudisha kalamu sikioni. "Hii ni kliniki ya akina mama, bibi. Wewe huna mimba, hunyonyeshi, huna mume wa kukupangia uzazi. Sasa nikuandike wapi?"

"Mwandike kwenye ziwa," Dhahabu akasema. "Ana ziwa, nalo lina uvimbe."

"Linauma?"

"Haliumi."

"Basi si kitu. Wasiozaa ndivyo walivyo. Aolewe, azae, anyonyeshe, litaondoka lenyewe." Kisha akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, tabasamu likamjia. "Au ni wewe unayemzuilia waume?"

Benchi tatu zilicheka. Barke alijifunika shela mpaka machoni, akainuka, akatoka. Hakuna aliyenyoosha mkono kumgusa lile ziwa, hata kwa kidole kimoja.

Dhahabu alimbembeleza, akamfokea, akamnunia siku tatu. Barke hakukubali. "Sirudi kuchekwa," alisema. Ukapita mwaka mzima. Na katika mwaka ule Dhahabu alipamba maharusi thelathini, na kila alipomsugua msichana kifuani moyo wake ulikuwa nyumbani.

Mwaka 1990 kile kijiwe kilikuwa kama limau, na ngozi juu yake imevutwa ndani. Safari hii Dhahabu hakuomba. Alimshika mkono, wakavuka feri hadi hospitali kubwa ya ng'ambo. Walimkuta daktari kijana aitwaye Erastus, mtu wa bara, mwenye adabu. Alimpima Barke, akakata kinyama kidogo, akakipeleka kupimwa. Baada ya siku kumi na mbili akawaita.

"Ni saratani," akasema. "Lakini nadhani bado haijaenda mbali. Jumatatu tumlaze, tuliondoe ziwa."

Barke akasema, "Haya, inshallah."

Kazi ikaanza kwa karani. Alikuwa na karatasi ya ruhusa ya kupasuliwa, na chini yake mstari wa sahihi.

"Mume, baba, au ndugu wa kiume," akasema.

"Nipe mimi kalamu," Dhahabu akasema.

"Wewe ni nani kwake?"

"Nimekaa naye miaka kumi na tatu."

"Nimekuuliza wewe ni nani kwake."

Dhahabu alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata neno. Neno la kuandikwa kwenye karatasi ile halikuwako. Barke ndiye aliyesema, kwa sauti yake ndogo: "Mwili ni wangu. Nina miaka thelathini na minane. Nitatia mwenyewe."

"Haiwezekani, mama. Ndio utaratibu."

Walimtazama daktari Erastus. Alitazama viatu vyake.

Kwa hiyo Dhahabu alikwenda Kisauni, kwa Sheikhan, kaka yake Barke. Sheikhan alikuwa na duka la vyombo, na watu walimheshimu. Hakumkaribisha ndani. Alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni mpaka akamaliza yote: uvimbe, daktari, karatasi.

"Arudi hapa kwetu," Sheikhan akasema. "Atubu, aseme mbele ya wazee kwamba nyumba ile ameiacha. Siku hiyo nitatia sahihi."

"Bwana Sheikhan, dada yako atakufa."

"Sote tutakufa."

"Wallahi wewe wamtaka afe."

"Namtaka atubu," akasema, akafunga mlango.

Dhahabu alimweleza Barke kila neno. Alidhani atalia. Barke alikuwa akishona upindo wa buibui, hakusimamisha mguu kwenye cherehani. "Nikitoka humu nikapona," akasema, "nitakuwa nimeponea nini?"

Kitanda cha hospitali kilichowekwa kwa ajili yake alipewa mtu mwingine. Zikapita wiki tatu, kisha ya nne. Limau lile likawa na kidonda.

Aliyewatoa kwenye shida ile ni Nzai. Nzai alikuwa fundi wa vikuku vya shaba kule Bombolulu, mguu mmoja umepooza kwa polio tangu utoto, na Dhahabu alinunua kwake mapambo ya maharusi. Wanaume wenziwe wa mtaani walimwita shoga mchana kweupe, naye aliitikia "labeka" kama jina lake. Alipopata habari, alitupa koleo chini.

"Wataka mwanamume tu?" akauliza. "Mwanamume wa namna gani?"

"Yeyote," Dhahabu akasema.

"Basi na mimi ni yeyote."

Alifika hospitalini amevaa kanzu ya kuazima na kofia, fimbo mkononi. Karani akamuuliza, "Wewe ndiye mume?" Nzai akasema, "Ndimi." Karani hakutaka kitambulisho, hakutaka cheti cha ndoa, hakumtazama hata usoni. Alimwelekeza mahali pa kutia sahihi kwa kidole, akapiga muhuri. Nzai alikuwa amemwona Barke labda mara tano maishani mwake.

Dhahabu alikuwa amekaa benchini, anaona. Baadaye alipenda kusema kwamba hasira aliyokuwa nayo kabla ya siku ile ilikuwa ya mchezo.

Barke alipasuliwa, akapona kidonda. Dhahabu alimshonea sidiria yenye upande mmoja uliojazwa sufi, akaipima na kuipunguza mpaka buibui likakaa sawa, na Barke akacheka mbele ya kioo, akasema ziwa la sufi ni zuri kuliko lililoondoka. Daktari Erastus aliwaambia ukweli, na angalau kwa hilo wamshukuru: ule mwaka wa kwanza na zile wiki za kungoja sahihi ziliupa ugonjwa nafasi ya kuenea. Mwaka 1992 ugonjwa ulirudi, safari hii mgongoni. Dhahabu aliacha kazi ya kupamba, akamwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko. Mwezi wa Februari 1993 Barke alifia wodini asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Dhahabu.

Kabla ya saa sita Sheikhan alikuwa amefika na gari. Karani alimpa karatasi ya kutoa maiti. Akaitia sahihi pale pale, akiwa amesimama.

Kisauni hawakumruhusu Dhahabu kumuosha. Mikono iliyomwogesha miezi sita iliambiwa kwamba haifai. Alisimama uani karibu na pipa la maji, akasikia wanawake ndani wakimimina, akajua kwa sauti kwamba wanamimina maji ya baridi. Barke hakupenda maji ya baridi. Hakuna aliyemuuliza.

Siku ya arobaini, hitima ilisomwa nyumbani kwa Sheikhan. Dhahabu hakualikwa. Alikwenda. Alipita moja kwa moja upande wa wanawake, akavua shela. Nusu ya wale waliokaa kwenye mikeka aliwapamba yeye walipoolewa. Aliwajua miili yao kuliko waume zao.

"Toka, mwanamke wewe," bibi mmoja akasema.

"Nitatoka. Lakini kwanza mtanisikiliza. Mwasema Barke ameuawa na dhambi. Barke aliuawa na kijiwe kama punje ya kunde, na nesi aliyeona haya kumgusa, na kaka yake aliyeshika kalamu asiandike. Nyote hapa mmeolewa, mmezaa, mwafikiri hakiwapati. Haya. Kila mmoja atie mkono ndani ya kanga yake. Sasa hivi! Mbona mwaniangalia? Mato yenu nimeyazoea. Tieni mkono."

Wengine walicheka. Wengine waliomba toba. Lakini walikuwa wamezoea kumtii tangu siku za singo, na mikono ikaanza kuingia mmoja mmoja. Dhahabu akawaonyesha: kwa vidole vitatu, polepole, kwa kuzungusha, mpaka kwapani.

Mwanaima, mke wa Sheikhan, mama wa watoto watano, alikuwa mlangoni ameshika sinia ya mahamri. Aliweka sinia chini. Alitia mkono. Mkono ukabaki pale pale.

"Bi Dhahabu," akasema taratibu, "hebu njoo hapa."

Dhahabu alimgusa. Kilikuwako, upande wa kulia, kidogo na kigumu.

Sheikhan alitia sahihi siku ile ile daktari alipomwambia. Hakumwambia mkewe atubu. Hakumuuliza alikuwa akikaa na nani. Dhahabu aliposikia, alivunja kikombe ukutani. "Kumbe mkono wake wajua kuandika!" akapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Mwanaima alipona. Na alipopata nguvu za kuvuka feri, alikwenda Likoni kila Alhamisi, mumewe akitaka asitake, kwa sababu kule ndiko walikokuwa wengine wenye ugonjwa kama wake. Tangu hitima ile habari zilienea, na nyumba ya Dhahabu ilikuwa imejaa. Walikuja wanawake walioishi wawili wawili Mtongwe na Chaani na Kisauni, ambao hakuna kliniki iliyowahi kuwaita kwa sababu hawakuwa na mimba ya kuwapeleka. Nesi mstaafu, Bi Tumu, aliwapima chumba cha nyuma bila kumuuliza mtu ana mume gani. Aliyekutwa na kitu alisindikizwa hospitalini na wanne au watano, wakakaa benchini naye, wakakataa kuondoka. Penye kutakiwa mwanamume, aliitwa Nzai. Kwa hesabu ya vicheko vyao alikuwa na wake kumi na mmoja.

Wanaume walio kama Nzai nao walianza kuja, kwa aibu mwanzoni. Rafiki yake Gona alikuwa akitokwa na damu aendapo haja kubwa mwaka mzima. Daktari mmoja, alipomwona anavyotembea na anavyosema, hakumpima wala hakumtoa damu. Alimwambia, "Ndio ule ugonjwa wenu," akamwandikia panadoli. Gona akarudi nyumbani kungoja kufa kwa Ukimwi. Bi Tumu alipompeleka kupimwa, Ukimwi hakuwa nao. Alikuwa na uvimbe utumboni, na wakati ulikuwa umepita. Dhahabu alikwenda kwa yule daktari na cheti cha majibu, akakiweka mezani, akamwambia akisome kwa sauti. Askari walimtoa nje akiwa bado anamtaka akisome.

Mwaka 1997 Sheikhan alikuja Likoni mwenyewe. Alikuwa amezeeka. Alibisha hodi, akasimama mlangoni na mfuko wa tende mkononi.

"Nimekuja kutaka radhi," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwako wewe, Bi Dhahabu."

"Hukuniua mimi. Aliyekuwa na radhi ya kutoa ulimchukua hospitalini kwa gari, ukatia sahihi. Waijua njia ya kaburini kwake. Nenda kamwombe."

"Mke wangu yu hai kwa sababu yako."

"Na dada yako amekufa kwa sababu yako," Dhahabu akasema. "Peleka tende zako nyumbani."

Hakupandisha sauti. Sheikhan aligeuka akaenda zake. Chumba cha nyuma Mwanaima alikuwa amesikia yote, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi. Alingoja mpaka Dhahabu alipokaa.

"Hutamsamehe kamwe?" akauliza.

"Niulize mwakani."

Mwanaima alimuuliza mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Jibu halikubadilika, naye hakuacha kwenda.